Wanamieleka wa Safu ya Mbele

Siku ya maswali kwa Waziri Mkuu, viti vya safu ya mbele havikukaliwa na wasomi. Chama tawala kiliwapanga hapo watu wa mabega. Palikuwa na Zauri, aliyewahi kurudi nyumbani na medali ya mieleka, na watoto wa jiji zima la Tbilisi wakamkimbilia uwanja wa ndege. Palikuwa na wawili waliocheza raga mpaka masikio yakajikunja kama unga uliokandwa. Na palikuwa na mmoja ambaye hakuna aliyejua alifanya kazi gani kabla ya ubunge, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kazi yao haikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya Bunge, lakini kila mtu aliijua. Waziri Mkuu akiwa mimbarini, mpinzani yeyote atakayeshuka kumfuata akutane na ukuta wa nyama kwanza.

Revaz Berulava alipanda mimbari saa nne asubuhi, jalada la njano mkononi. Juu yake paliandikwa "Ulaya na Mambo ya Nje", na ndani mlikuwa na maswali kumi na manne yenye majibu yaliyokwisha kuchapwa. Hata kupitia kuta zile nene zilisikika filimbi na ngoma za barabarani. Watu walikuwa wamemaliza siku tatu nje, tangu alipotangaza kwamba mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yamewekwa kando kwa miaka minne.

"Mheshimiwa Spika," alianza, "hatujaufunga mlango wa Ulaya. Tumeomba muda wa kujipanga."

"Umeufunga na ufunguo umeumeza!" sauti ilipaa kutoka upinzani.

"Kaa chini, babu, dawa zako za asubuhi umekunywa?" safu ya mbele ilijibu.

"Nimekunywa! Za kichefuchefu, kwa sababu nilijua nitakuona wewe!"

"Waheshimiwa!" Spika Tsisana aligonga meza. Alikuwa mama wa makamo aliyefundisha kemia miaka ishirini, na bado aliwatazama wabunge kana kwamba wameunguza kitu maabara. "Hii si harusi. Waziri Mkuu, endelea."

Aliendelea. Swali la kwanza, la pili, la tatu. Chupa moja ya maji ilirushwa, ikampita sikioni na kupasukia ukutani, naye hakugeuka. Alikuwa amezoea. Swali la nne lilitoka kwa mbunge mwanamke wa upinzani aliyefungwa bendeji kwenye kiganja. Alitaka kujua ni raia wangapi waliokamatwa jana wamepigwa wakiwa mikononi mwa polisi, kwa sababu nchi za Ulaya zimeuliza hivyo hivyo na hazijajibiwa.

Revaz alisoma kama ilivyochapwa. "Hakuna raia hata mmoja aliyepigwa akiwa mikononi mwa polisi. Hata mmoja."

Maneno hayo aliyaletewa alfajiri na Otar, mkuu wa polisi wa jiji. Revaz alimuuliza kwenye simu kama ana hakika. Otar alicheka kidogo, halafu akasema, "Wewe soma tu, mkubwa." Naye akasoma.

Swali la tano lilikuwa la Malkhaz Tevzadze.

Malkhaz na Revaz hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili. Kabla ya hapo walikuwa zaidi ya ndugu, kwa sababu Malkhaz ndiye aliyemsimamia mtoto wa Revaz kwenye ubatizo. Alimshika mtoto yule mchanga kwenye kanisa dogo la milimani, akamtoa majini akilia, akamfunga kwenye taulo jeupe, na tangu saa ile yeye na baba wa mtoto wakaitana natlia. Jina hilo kwa watu wao si la mzaha. Natlia anaweza kukutukana, anaweza kukihama chama chako, anaweza kuimwaga divai yako chini na kuikanyaga. Lakini kumwinulia mkono baba wa mtoto uliyemtoa majini, hapana. Hata walevi wa sokoni hukumbuka hilo wakiwa hawakumbuki njia ya kwao.

Kisha siasa ikaingia kati. Malkhaz alihamia upinzani. Mke wa Revaz, Lamara, naye aliondoka mwaka huohuo, akamchukua kijana wao Tornike, na kijana akaanza kutumia jina la ukoo wa mama yake, Kobalia. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Revaz alimwona mara ya mwisho kwa bahati tu, kupitia kioo cheusi cha gari, akivuka barabara anakula mkate wa jibini na kucheka na wenzake.

Malkhaz alisimama mbele ya kipaza sauti cha safu yake. Hakuwa na karatasi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Natlia," alisema.

Ukumbi ulicheka. Hakuna aliyewahi kumwita Waziri Mkuu hivyo mle ndani.

"Natlia, toka nje na mimi dakika moja."

"Mpelekee maua kwanza!" mtu alipiga kelele.

"Mheshimiwa Tevzadze," Spika alisema, "uliza swali lako la Ulaya au nazima kipaza."

"Revaz, nina neno la sikioni kwako. Dakika moja tu. Nakuomba kwa yale maji."

Taa nyekundu ya kipaza ilizimika. Malkhaz aliona midomo yake inachezacheza bure, akaacha. Akatoka kwenye safu yake na kuanza kushuka ngazi kuelekea mimbarini, taratibu, koti wazi, mikono yote miwili mbele na viganja juu, kama mtu anayemkaribia mbwa asiyemjua.

Revaz aliiona mikono ile. Hilo hakuweza kulikana baadaye, hata kwa nafsi yake. Aliona viganja vitupu, na akajua moja kwa moja kwamba mtu huyu hakuja kupigana. Alichotakiwa kufanya ni kuinua kidole tu, Zauri angebaki kitini. Lakini kamera zilikuwa tano, na wiki nzima magazeti ya chama chake mwenyewe yalikuwa yakimwita mlaini. Aliinamisha macho kwenye jalada la njano, akajifanya anatafuta ukurasa.

Ilichukua sekunde tatu. Kisha ukuta ukasimama.

Zauri hakupiga ngumi. Alimkumbatia Malkhaz kiunoni kama mtu anayemlaki mgeni, akamnyanyua, akamgeuza hewani, akambamiza juu ya ukingo wa ngazi. Mlio wa mbavu ulisikika mpaka roshani ya wageni. Yule asiyejulikana alikotoka alimkanyaga usoni mara mbili kwa kisigino. Jino liliruka, likadunda kwenye zulia, likatulia karibu na kiatu cha mwandishi wa kumbukumbu za Bunge, ambaye alikunja miguu yake bila kuacha kuchapa.

"Wanamuua! Wanamuua mtu!"

Upinzani wote ulimwagika chini. Majalada yalipaa, viti viling'olewa. Mzee wa miaka sabini alimrukia mchezaji wa raga mgongoni na kumng'ata sikio. Mwanamke wa bendeji alipigwa kiwiko cha pua, akaketi chini akiitazama damu ikiingia kwenye mikono yake kana kwamba si yake. Mtu aling'oa kipaza sauti na nguzo yake akawa anakizungusha hewani, na kila kilipompata mtu kilitoa mlio mkubwa kwenye spika za ukumbi, kwa sababu huyo hakuna aliyekumbuka kumzimia.

Katikati ya yote hayo Malkhaz hakurudisha hata kofi. Hakuficha hata uso.

"Inua mikono, mwanaume!" wenzake walimpigia kelele. "Jikinge basi!"

Yeye alitambaa. Walimpiga teke ubavuni, akaanguka kwa kifua, akatambaa tena kuelekea mimbarini, akiacha nyuma yake mchirizi mwekundu kwenye zulia. Hapo ndipo Revaz alipozinduka. Aliteremka, akapiga magoti, akawafokea watu wake, "Mwacheni! Nimesema mwacheni!"

Malkhaz alimkamata tai, akamvuta mpaka sikio la Revaz likagusa damu ya mdomo wake.

"Tornike," alisema.

"Tornike kafanyaje?"

"Kichwa kimepasuka. Yuko kituo cha polisi cha ng'ambo ya mto, kwenye gereji ya chini. Damu inamtoka sikioni tangu alfajiri. Wamemwandika kwa jina la Lamara, hawajui ni wa nani. Askari mmoja mwenye utu ndiye aliyempigia mama yake, naye akanipigia mimi."

"Mbona hukusema kwenye kipaza?"

"Niseme mwana wa Waziri Mkuu kapasuliwa kichwa, kamera zikiwa wazi? Wangemhamisha kabla hujashuka ngazi. Leo jioni wangesema hawajawahi kumwona." Alitema kitu. "Ndiyo maana nilisema sikioni, mpumbavu wewe. Sikioni."

"Napiga simu sasa hivi wamtoe."

"Subiri." Mkono uliganda kwenye tai. "Wako ishirini na saba mle. Waliotolewa mmoja mmoja walirudishwa bila meno. Sasa wameshikana mikono, hawamwachii mtu. Yule askari alitaka kumbeba Tornike peke yake, mwanao akamng'ata. Ukituma watu wakamchomoe, watamchomoa kwa virungu. Na kile kichwa hakibebi kirungu kingine."

Spika aliahirisha kikao kwa dakika kumi. Walinzi walimbeba Malkhaz kwenda kwa muuguzi. Revaz aliingia kwenye ushoroba nyuma ya mimbari, akapiga namba ya Otar kwa vidole vilivyokuwa vikiteleza.

"Mkubwa!" Otar alichangamka. "Nakutazama kwenye runinga. Zauri bado ana kiuno cha mieleka, eh?"

"Una kijana anaitwa Kobalia."

"Nina vijana wengi leo."

"Huyo ni mwanangu."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, sikujua."

"Fungua hiyo gereji. Wote watoke, magari ya wagonjwa yaingie."

"Wote?" Sauti ya Otar ilibadilika, ikawa ya mtu anayepiga hesabu ya ngozi yake. "Sikiliza, Revaz. Muda si mrefu uliopita umeiambia nchi nzima hakuna aliyepigwa. Hata mmoja. Mimi nikiwatoa ishirini na saba mchana kweupe wanachuruzika, mwongo atakuwa nani? Watanitundika mimi. Ninachoweza ni kumchomoa wako, kimyakimya, mlango wa nyuma."

"Watampiga wakimchomoa."

"Kidogo."

Revaz aliegemea ukuta. Kidogo. Alimwona mtoto kwenye taulo jeupe, utosi bado laini, unaopanda na kushuka kwa pumzi, na jinsi Lamara alivyokuwa akiufunika kwa kiganja hata pasipokuwa na upepo.

"Na nikisema mimi?" aliuliza. "Hapo mimbarini. Nikitoa amri watu wote wakisikia?"

Otar alifikiri. "Ukisema wewe, mimi nitakuwa nimetii amri. Hapo nafungua. Lakini ukishasema hivyo, ndugu yangu, hao watu wako wa mbele watakutafuna. Unalijua hilo."

"Kaa karibu na runinga," Revaz alisema.

Aliporudi, wafagizi walikuwa wamemwaga chumvi kwenye zulia ili damu isishike. Zauri alikuwa anafuta vifundo vya vidole kwa leso, akamkonyeza. "Endelea, bosi. Njia safi."

"Waziri Mkuu," Spika alisema kwa sauti ya uchovu, "swali la tano halikuulizwa. Tunakwenda la sita, kuhusu visa za Ulaya."

"Mheshimiwa Spika, narudi kwenye swali la nne." Alilifunga jalada la njano. "Jibu nililotoa si kweli."

Ngoma za nje zilisikika tena ukumbini.

"Watu wamepigwa. Ishirini na saba wako sasa hivi kwenye gereji ya kituo cha ng'ambo ya mto, wengine wana hali mbaya. Naamuru milango ifunguliwe sasa, wote watoke pamoja, asiguswe hata mmoja, na magari ya wagonjwa yaingie. Mkuu wa polisi ananisikia. Mmoja wao ni mwanangu. Amri ni ya wote."

"Amelewa!" mtu wa chama chake alipiga kelele.

"Zima kipaza! Tsisana, zima!"

Kidole cha Spika kilikuwa juu ya kitufe. Alikuwa wa chama hichohicho. Kiti chake alipewa na chama. Alimtazama Revaz, akatazama zulia, halafu akakichukua kidole chake na kukiweka mapajani. "Bado ana muda wake wa kujibu," alisema. "Kanuni ni kanuni."

Zauri alisimama bila haraka. "Shuka, bosi."

"Sijamaliza."

"Shuka nisikuvunje. Nakuheshimu, lakini shuka."

"Narudia kwa ajili ya kumbukumbu," Revaz aliiinamia mimbari na kuikumbatia kwa mikono miwili. "Kituo cha ng'ambo ya mto. Gereji ya chini. Watu ishirini na—"

Ngumi ya kwanza ya Zauri ilimfunga jicho. Ya pili ilimkuta bado ameishikilia mimbari, na vyote viwili, mtu na ubao, vikaanguka pamoja. Alisikia kitu ndani ya bega kikiachana na mahali pake. Yule wa kisigino alikuja na kisigino chake. Revaz alikunjamana, akafunika kichwa, na katikati ya mateke alikuwa anahesabu kwa sauti kama mwendawazimu, ishirini na saba, ishirini na saba, kwa sababu hakuwa na hakika kama kipaza kimeipata namba.

Kisha mateke yakakatika ghafla. Malkhaz alikuwa ametoka kwa muuguzi, pamba mdomoni, shati limefunguliwa juu ya mbavu zilizofungwa nusu. Mikono iliyokuwa imeshuka muda wote sasa ilikuwa imebeba mguu wa kiti. Alimpiga Zauri nyuma ya goti, lile goti la medali, na bingwa akashuka kama gunia. Alimpiga tena begani, na pigo la tatu likampata yule wa kisigino mdomoni.

"Njooni!" alifoka, pamba ikaruka. "Mmoja mmoja au wote! Huyu ni natlia wangu! Wa kumtukana ni mimi tu!"

Saa sita na dakika ishirini runinga zote zilionyesha lango la gereji likifunguka. Walitoka wameshikana mikono, wengine wakiburuta miguu, na katikati walimbeba mmoja juu ya koti kama machela. Hakuna aliyewagusa. Habari za saa mbili usiku zilisema chama kimemvua Revaz Berulava uongozi. Wakati huo yeye alikuwa kwenye ushoroba wa hospitali, mkono umefungwa shingoni, jicho moja limezibwa na uvimbe, na hakuna mlinzi hata mmoja aliyebaki naye.

Malkhaz alilala chali kwenye benchi la pembeni.

"Zauri anapiga kama farasi," alinong'ona.

"Mieleka hairuhusu ngumi."

"Kamwambie yeye." Alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Natlia, uliiona mikono yangu?"

Angeweza kusema palikuwa na vurugu, palikuwa na taa za kamera. Alikuwa na majibu ya aina hiyo ya kutosha kujaza jalada. "Niliiona," alisema.

"Nilijua." Malkhaz alifumba macho. "Tutaliongea hilo. Si leo."

Mlango wa wodi ya upasuaji ulifunguka, Lamara akatoka. Nywele zilikuwa zimembandika usoni na sweta lake lilikuwa na doa kubwa kifuani, mahali alipokiegemeza kichwa cha mtoto wake ndani ya gari la wagonjwa. Alimwendea Revaz moja kwa moja na kumzaba kofi upande uleule uliovimba. Uchungu ulimpasua mpaka kisogoni. Akainua mkono kumzaba tena, akaushusha.

"Wametoa damu iliyoganda," alisema. "Ataishi. Sikio la kushoto hawajui." Alizibandua nywele usoni. "Kaamka kidogo. Kauliza kama wenzake wote wametoka. Nikamwambia wote. Akauliza nani katoa amri."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia."

Alimpa Malkhaz chupa ya maji aliyokuwa nayo, akamwinulia kichwa anywe kama anavyonyweshwa mtoto. Revaz hakupewa. Alisimama tu, akingoja.

Lamara aliusukuma mlango wa wodi kwa bega.

"Ingia," alisema. "Dakika tano. Lakini usiongee."

Chumba kilikuwa cheupe na kidogo. Revaz aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Kichwa kilichofungwa bendeji kiligeuka polepole sana, macho yakamtafuta, yakaliona jicho lililoziba, mkono uliofungwa, damu iliyokaukia kwenye kola. Yaliangalia kwa muda mrefu. Neno "baba", ambalo wanaume wa kwao huwaita watoto wao wanapowabembeleza, lilimpanda Revaz mpaka kwenye meno. Alilizuia hapo, akakaa nalo.